Dragi inakula hela wapi hasa wakati mbio zenyewe ni mita 402 tu?

turbo_ndogo:
Wakuu habari zenu. Nina gari ya kawaida ya turbo, gia za mkono, inasukuma magurudumu ya nyuma, nimeshaipeleka kwenye njia ya dragi, zile mbio za kunyooka za robo maili (mita 402), inagonga sekunde 14 na nimenogewa kweli, sasa nataka nishuke hadi 11. Kila ninayemuuliza ananiambia andaa hela ila hakuna anayenifafanulia hela yenyewe inaenda wapi. Mimi naona injini inafanya kazi sekunde 14 halafu inapumzika, wenzetu wa saraketi wanazunguka lisaa zima na gari inarudi nyumbani, sasa kwa nini hii ya robo maili ndo ivunje vyuma? Na nikiwa na hela ya kitu kimoja kwa sasa nianze na turbo kubwa au tairi? Naombeni majibu ya watu wanaoshika spana.

fundi_difu:
Mkuu hapo kwenye muda ndo wengi wanapopotea. Kinachoua vyuma kwenye dragi ni ule mshtuko wa kutoka. Gari imesimama, injini iko juu labda mizunguko elfu 5, unaachia klachi, nguvu yote inashuka kwa mpigo mmoja kwenye giaboksi, propela shafti, difu, ekseli mpaka tairi. Ukiwa na tairi za barabarani zinateleza kidogo, na kule kuteleza ndo kunaokoa gari yako bila wewe kujua. Siku utakayofunga sliki, zile laini zisizo na mistari, ukazichoma kwenye maji zikapata moto zikanata, hakuna tena kinachoteleza kwa hiyo chuma dhaifu kuliko vyote ndo kinalipa. Ukinunua ekseli ngumu kesho linalia difu, ukitengeneza difu inafuata gia ya pili, ndo unajikuta umenunua gari nzima kipande kwa kipande.

Kitu kimoja ninachofanya kwenye kila gari ya dragi inayoingia kwangu, nachukua rangi nyeupe napiga mstari mwembamba ulionyooka kwenye ekseli toka mwanzo hadi mwisho. Baada ya kukimbia unaingia chini na tochi. Mstari ukiwa umeanza kuzunguka kama uzi wa parafujo jua chuma kimeshajipinda na hakijarudi, toa hapo hapo usisubiri kikatike njiani.

Halafu kuna hesabu ambayo watu hawaipendi. Kwa makadirio, uzito ukibaki ule ule ukazidisha nguvu mara mbili, muda unagawanyika kwa 1.26 tu. Yaani kutoka 14 kwenda 11.1 unataka nguvu mara mbili ya uliyonayo, na kutoka 11.1 kwenda 8.8 unataka mara mbili tena juu ya hiyo. Ndo maana sekunde moja ya chini ni ghali kuliko ya juu. Lakini hesabu hiyo hiyo inasema ukipunguza asilimia 10 ya uzito unapata karibu nusu sekunde kwenye hiyo 14 yako, na uzito uliotoa hauvunji ekseli ya mtu. Ng'oa siti za nyuma kwanza.

mama_gia:
Naunga mkono, na kwenye swali lako la turbo au tairi jibu ni tairi, sio kidogo. Angalia karatasi yako ya muda pale kwenye futi 60 za mwanzo, kama mita 18. Sehemu moja ya kumi ya sekunde ukiiokoa pale, mwisho inakuja kama sehemu moja na nusu ya kumi au zaidi. Turbo kubwa inachelewa kujaa kwa hiyo utaongeza spidi ya mwisho halafu muda ubaki pale pale. Na kama uko tayari kubadilisha giaboksi fikiria otomatiki, konveta, ile inayokaa mahali pa klachi, inapokea ule mshtuko kwa oili badala ya chuma kugonga chuma, ila adui yako anakuwa joto, oili ya giaboksi utabadilisha mara nyingi mno na kipooza oili lazima uongeze.

nitro_tu:
Mmesahau mafuta jamani. Ukihamia E85, ile petroli iliyochanganywa na ethanoli nyingi, injini inakunywa kama asilimia 30 zaidi ya petroli, na methanoli ni zaidi ya mara mbili, kwa hiyo pampu na injekta zote unabadilisha. Methanoli ni nzuri kwa kupooza injini ila inakula vyuma vya mfumo wa mafuta ukiiacha humo, lazima usafishe kila ukimaliza siku, na inaingia kwenye oili inageuka rangi ya maziwa. Ikishika moto mchana huuoni ule moto, hilo ulijue kabla hujaigusa.

Ukitaka kuona mwisho wa hii njia angalia Top Fuel, daraja la juu kabisa la NHRA, chama cha mbio za dragi kule Marekani. Injini V8 ya lita 8.2, mafuta yake ni nitromethani hadi asilimia 90, nguvu zaidi ya farasi 11,000, na tangu 2008 wanakimbia futi 1,000 tu badala ya robo maili, baada ya kifo cha dereva Scott Kalitta. Kule gari haina hata gia za kubadilisha, ni klachi ya sahani nyingi inayoachiwa iteleze kwa mpango mpaka ishikane. Wakati gari inamaliza plagi zimeshaungua ncha, injini inajiwasha yenyewe kwa joto na mgandamizo na inazimwa kwa kukata mafuta. Ikirudi wanafungua injini yote, pistoni, konrodi, beringi, sahani za klachi, kila baada ya mbio moja! Mimi naiheshimu sana ile timu ya mafundi kuliko hata dereva.

turbo_ndogo:
Nimewaelewa sana wakuu, kumbe nilikuwa naangalia injini tu. Na usalama je, gharama zake zikoje?

fundi_difu:
Hiyo weka juu ya orodha kabla hata ya tairi. Helmeti na mikanda ya mashindano, na mikanda ina tarehe, kwa sheria za NHRA ile yenye alama ya SFI, shirika la viwango vya vifaa vya mashindano, inaisha baada ya miaka miwili hata kama inaonekana mpya, maana jua linaua ule uzi. Kadri muda unavyoshuka wanakudai zaidi, fremu ya vyuma ndani, na ukifika maili 150 kwa saa, kama kilomita 241, parachuti ni lazima.

Kwa sasa ingia madaraja ya kutaja muda. Unaandika mwenyewe muda gari yako inaopiga, mwenye gari ya polepole anaachiwa atangulie, na ukipiga chini ya ulichoandika umetoka. Pale 14 inaishinda 9 vizuri tu kama unaondoka na taa ya kuanzia vizuri na gari yako inarudia muda ule ule. Kuwahi taa hakuna spea wala gharama, na kila ukikimbia andika presha ya tairi, joto la hewa na mizunguko uliyotokea, hiyo daftari itakuonyesha chuma kipi kinafuata kubadilishwa.