Nimeuziwa pawasaplai (kile kisanduku cha kulisha kompyuta umeme) ya "wati 600", mashine inazima kila nikirenda, duka linasema eti ni joto la Dar

Wakuu, mtanisamehe leo salamu fupi, nina hasira.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na sendofu. Niliundiwa kompyuta kwenye duka moja Kariakoo, jina nalibana kwa sasa maana bado nadai haki yangu. Nilichotaka mimi kilikuwa wazi: prosesa Ryzen 5 5600X, kadi ya grafiki RTX 3060, RAM ya GB 32. Kasha, feni na pawasaplai wakachagua wao. "Usijali bosi, tunakuwekea kitu cha uhakika."

Kitu cha uhakika chenyewe ndicho hiki: nikianza kurenda, yaani kompyuta itoe video iliyokamilika, kitambo kidogo tu, pap! Imezima. Hakuna onyo wala skrini ya bluu. Bi harusi anapiga simu kuuliza video yake, mimi narudia faili lilelile tangu mwanzo.

Nikairudisha dukani. Fundi hakufungua hata skrubu moja. Akachungulia rekodi za Windows, akaona Kernel-Power 41, akanitangazia kwamba Windows imekufa. Akapiga Windows upya na hela akachukua! Wakuu, hiyo 41 inasema tu kwamba mashine ilipowaka ilikuta haikuzimwa kwa utaratibu. Aliyeizima haimtaji. Ni kama daktari akuite pembeni akwambie marehemu amefariki.

Nyumbani nikaweka HWiNFO, programu ya kusoma joto la mashine. Prosesa inagonga nyuzi 95, na kwa 5600X huo ndio ukomo wake. Nikafungua mwenyewe. Jamani! Ile nailoni ya kinga chini ya hitisinki (chuma cha kupoza prosesa), ambayo imeandikwa kabisa itolewe kabla ya kufunga, bado imebandikwa. Pesti, ile dawa ya kupitisha joto, wameipaka juu ya nailoni. Halafu mbele ya kasha ni kioo kitupu, hewa haina pa kuingilia, feni zenye taa za disko zinazungusha joto lilelile humo ndani. Nikabandua nailoni, nikapaka pesti mpya, nikaacha ubavu wazi. Joto likashuka mpaka sabini na kidogo.

Nikajua yameisha. Thubutu! Inazima vilevile, safari hii prosesa ikiwa 72.

Nikawapigia. Jibu: "Bosi, Dar kuna joto, weka AC." Hivi hawa wanatuonaje? Chumba chenye nyuzi 32 badala ya 25 kinaongeza nyuzi kama saba hivi kwenye prosesa. Hiyo 72 tayari ina joto la Dar ndani yake! Na prosesa ikizidiwa na joto hupunguza kasi kwanza, kuzima ni hatua ya mwisho kabisa. Nikawaambia hivyo, wakahamia TANESCO. Umeme ukiyumba mbona ruta na feni ya chumbani haviguswi, inazima mashine peke yake?

Ndipo nikaitoa pawasaplai. Kwanza ni nyepesi, unainyanyua kwa vidole viwili. Ubavuni wameandika 600W kwa herufi kubwa za dhahabu. Sasa soma lile jedwali dogo la chini: njia ya 12V, ampea 18. Zidisha. Wati 216! Na prosesa na kadi ya grafiki zote zinakula kwenye 12V. RTX 3060 peke yake ni wati 170, 5600X inaruhusiwa kuvuta mpaka 76. Jumla 246, bado feni hujazihesabu, na bado kadi ina tabia ya kuruka juu ya kiwango chake kwa nukta ya sekunde. Ndiyo maana nikiandika barua au kuangalia mpira haizimi, inasubiri kazi nzito. Inajizima kujiokoa, na siku ikishindwa kujiokoa itaondoka na madabodi (bodi kuu) yangu.

NVIDIA wenyewe wanashauri pawasaplai ya 550W kwa kadi hii, kwa hiyo mwenye duka akinionyesha "600" anajiona yuko salama. Kwenye bei aliandika 600, kwenye chuma kuna 216. Huo ni wizi, na anajua.

Nimedai wabadilishe. Wanasema waranti imekufa kwa sababu nimefungua kasha. Nisingelifungua ningeijuaje nailoni yenu?

Risiti ninayo, lebo nimeipiga picha, nailoni nimeitunza na pesti yake. Nataka kwenda FCC, Tume ya Ushindani. Aliyewahi kupeleka lalamiko la bidhaa pale aniambie wanataka nini mkononi. Na mwenye kujua duka lenye pawasaplai ya kweli ya 650W ataje bei, nina harusi ya kukabidhi Jumamosi.

Wa "ongeza RAM mkuu", piteni kimya.