Naomba ushauri: nitazame filamu gani baada ya The Devil Rides Out?

Wakuu, salaam. Napenda filamu za kutisha za zamani, hasa za kampuni ya Hammer ya Uingereza. Juzi nimetazama The Devil Rides Out ya 1968, ya mwongozaji Terence Fisher, na bado haijanitoka kichwani.

Christopher Lee, tuliyemzoea akinyonya damu za watu kama Dracula, humu ni mtu mwema anayehangaika kumtoa rafiki yake kijana kwenye kundi la waabudu shetani. Kiongozi wa kundi, Mocata (Charles Gray), hafoki wala hatoi macho. Anakuja mgeni mchana kweupe, anaongea taratibu kwa adabu zote, na mama mwenye nyumba anajikuta anamtii. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Yule mdudu buibui mkubwa anayewatokea usiku wakijikinga ndani ya duara la chaki, tuseme ukweli, anaonekana wa kizamani, ingawa ule mkesha wenyewe wa kutothubutu kutoka nje ya duara mpaka kuche ni moto.

Sasa nataka nyingine ya namna hiyo, ambayo watu wanapambana na kundi kwa maarifa. Rosemary's Baby nimeiona, The Wicker Man ya 1973 pia, lakini zote mbili kundi ndilo linaloshinda!

Halafu, aliyesoma riwaya yake, ya Dennis Wheatley ya 1934: inafaa, au nibaki na filamu tu? Na mdogo wangu wa miaka 13 anang'ang'ania kuitazama filamu hii. Nimruhusu?