Dubu Mweupe wa Mets: tumlipe au aende zake?

Soja wa Zamu (Nakuru), 14 Januari 2025

Hamjambo wote. Nina swali ambalo limeninyima usingizi wa mchana, na mchana ndio usiku wangu.

Mimi ni soja kwenye yadi ya mbao hapa Nakuru. Besiboli sikuitafuta. Nilinunua kofia ya mitumba kwa shilingi 150, ya bluu, herufi N na Y za rangi ya machungwa zimeshikana. Nikajua nimepata ile ya New York ambayo kila makanga anayo. Kijana wa msumeno akaniangalia akacheka: "Mzee, hii si Yankees. Hii ni Mets, wale wengine." Kuirudisha niliona haya, basi nikaanza kuwafuatilia hao wale wengine. Mechi ikianza saa moja jioni kwao, hapa kwetu ni saa nane usiku. Mbwa amelala, gari la doria limeshapita, na mimi sina ruhusa ya kufumba jicho. Sijaona mchezo mwingine ambao ratiba yake ilipangwa kwa kumfikiria soja. Video siangalii, bando halitoshi. Nasoma maandishi, mrusho kwa mrusho, simu nimeificha ndani ya koti mwanga usionekane barabarani.

Sasa swali lenyewe. Pete Alonso, mlinzi wetu wa beisi (kituo) ya kwanza, yule wanayemwita Dubu Mweupe, mkataba wake umeisha na hana timu. Mets walimpa ofa ya mwaka mmoja ya dola milioni 21.05, akaikataa mwezi wa Novemba. Wakala wake ni Scott Boras, na mnamjua Boras, yeye haogopi kumkalisha mteja nyumbani hadi majira ya kuchipua. Mwaka 2023 iliripotiwa kwamba Mets walimpa miaka 7 kwa milioni 158 akakataa pia. Ametimiza miaka 30 mwezi uliopita. Homurani zake, yaani mipira aliyoipiga hadi nje ya uzio: 40 mwaka 2022, 46 mwaka 2023, 34 mwaka jana. Mnaona mshale unaelekea wapi.

Lakini mimi siwezi kuzungumza juu yake kwa hesabu tu, na hapo ndipo naomba msaada wenu. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Oktoba, Milwaukee, mechi ya kufa kupona. Tulikuwa nyuma 2-0, iningi ya tisa, yaani zamu ya mwisho ya kupiga, mrushaji wao Devin Williams ambaye kumpiga ni kazi ya ziada. Lindor yuko beisini, Nimmo yuko beisini, mmoja ameshatolewa. Simu ikaandika "mpira umepigwa, pointi zinaingia" halafu kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Niliitoa simu kotini, nikasimama juu ya rundo la mbao kutafuta mtandao, rungu kwapani. Iliporudi: Alonso, homurani, pointi tatu, Mets 3-2. Nilipiga ukemi mbwa wote wa mtaa wakaitikia, na mwenye yadi akapiga simu kuuliza wezi ni wangapi. Nilipewa barua ya onyo. Ninayo mpaka leo, imekunjwa ndani ya hiyo kofia.

Kwa hivyo niambieni mlio na vichwa baridi. Tumpe miaka mingapi? Na akiondoka si tunapoteza nafasi zetu za drafti, ile zamu ya timu kuchagua vijana wapya?

Nyar Dunga (Kisumu), 14 Januari 2025

Omera soja, pole na baridi ya Nakuru. Mimi ni wa Dodgers wa Los Angeles, hilo ulijue mapema, lakini kwanza mimi ni muuza samaki, na nitakujibu kwa lugha ya beseni.

Ngege akitoka ziwani saa moja asubuhi, bei naitaja mimi. Saa tano bado naishikilia. Ikifika saa kumi jioni, barafu imekuwa maji, mteja anayejua kazi yake hata haulizi bei. Anapita, anaangalia jicho la samaki, anaenda kununua nyanya, anarudi akipita tena. Mimi ndiye ninayemwita. Huyo Alonso wenu ni saa kumi jioni. Yankees walikuwa na shida ya beisi ya kwanza, wakamchukua Goldschmidt mwaka mmoja kwa milioni 12.5. Astros wakamchukua Christian Walker, miaka mitatu, milioni 60, na Walker anadaka kuliko huyo wenu. Wateja waliobaki sokoni unawahesabu kwa vidole. Mets waongeze bei kwa sababu gani? Wapite, waangalie jicho, wakanunue nyanya.

Na usiniambie hela hamna. Juan Soto, yule mpigaji, mmempa milioni 765 kwa miaka 15. Sisi angalau tunajua kukopa kistaarabu: Ohtani, nyota wetu, ni milioni 700, na 680 kati ya hizo atalipwa kuanzia 2034 hadi 2043. Kwa sasa anachukua milioni mbili kwa mwaka.

Mtu wa Webuye, 14 Januari 2025

Nimefungua nikidhani kuna dubu ameonekana Menengai. Endeleeni.

Mwalimu wa Hesabu (Kakamega), 15 Januari 2025

Soja, hapo kwenye drafti umegeuza mambo. Timu iliyotoa ile ofa ya mwaka mmoja haipotezi kitu mchezaji akiondoka, inapata fidia. Anayepoteza ni yule anayemsajili. Ila kwa kuwa Mets walivuka kiwango cha ushuru wa mishahara, ule unaotozwa timu inayolipa wachezaji kupita kiasi, fidia yao ni ndogo, nafasi moja baada ya raundi ya nne. Si kitu cha kulilia.

Geuza sasa uone maana yake. Timu nyingine yoyote ikimtaka Alonso italipa pesa NA itapoteza nafasi ya drafti. Mets wakimrudisha wanalipa pesa tu. Samaki ni yule yule, ila kwa kila mteja mwingine beseni lina ada ya mlangoni. Ndiyo sababu, dada Nyar Dunga, jicho lake linaonekana limefifia kuliko lilivyo.

Upande wa pili ni ushuru wenyewe. Mwaka huu kiwango cha kwanza ni milioni 241, na cha juu kabisa ni 301. Timu iliyovuka miaka mitatu mfululizo, kama Mets, kila dola iliyo juu ya 301 inatozwa asilimia 110. Nimewapa Kidato cha Pili hesabu hiyo bila kutaja besiboli: ukinunua kitu cha milioni 20 na ushuru ni asilimia 110, umetoa ngapi mfukoni? Milioni 42. Mtoto mmoja akaniuliza ni nani mjinga wa kununua. Nikamwambia anaitwa Steve Cohen, mwenye Mets, na si mjinga, ana pesa.

Maoni yangu: aende. Mark Vientos alipiga homurani 27 mwaka jana, ana umri mdogo, mshahara wake bado ni wa chini kabisa. Mhamishe kutoka beisi ya tatu hadi ya kwanza. Mwanaume mzito anayepiga kwa mkono wa kulia na hana mbio, akipita 30 huwa anashuka kama mzigo wa miwa kwenye mteremko. Nimefundisha watoto raunda miaka mingi, na yule mpigaji mkubwa ndiye wa kwanza kuchoka.

Soja wa Zamu (Nakuru), 15 Januari 2025

Mwalimu, asante kwa drafti, nimeelewa. Kwa Vientos sikubali. Mtu amepiga vizuri msimu mmoja. Kwetu yadini mbao ikikauka upande mmoja haipandishwi darini.

Dada, kwa kukopa usitufundishe. Bobby Bonilla alicheza kwetu mara ya mwisho 1999. Tulimdai atuachie milioni 5.9 tulizokuwa tunamdaiwa, akakubali kungoja. Sasa kila tarehe 1 Julai, tangu 2011 hadi 2035, anapokea dola 1,193,248. Mjukuu wangu atamaliza shule Bonilla bado yuko kwenye orodha ya mishahara.

Ninachouliza hamjakijibu. Samaki kufika saa kumi jioni si kusema ameoza. Huenda asubuhi kulinyesha.

Nyar Dunga (Kisumu), 15 Januari 2025

Nani alisema ameoza? Mimi nimesema bei.

"Tulizokuwa tunamdaiwa" ndiyo nini? Lala kwanza, utaandika vizuri.

Soja wa Zamu (Nakuru), 15 Januari 2025

Alizotudai. Nilitoka zamu saa kumi na mbili, nihurumieni.

Basi niseme ninachotaka mimi, msinicheke. Miaka mitatu. Si saba, hata mitano hapana. Anahitaji homurani 27 ampite Darryl Strawberry mwenye rekodi ya klabu, 252. Dubu ana 226, zote akiwa na sisi, tangu zile 53 za 2019 alipovunja rekodi ya wachezaji wapya wa ligi nzima. Na mwaka jana alicheza mechi zote 162. Hilo watu wa hesabu wanalipita haraka. Mimi najua maana ya kufika kazini kila siku. Mwenzangu wa zamu ya mchana ana nguvu kunishinda, ana mbio, lakini Jumatatu humwoni.

Mkataba wangu mwenyewe unaisha Machi. Wanataka kunipa miezi sita sita. Sijasema neno bado.

Soja wa Zamu (Nakuru), 6 Februari 2025

AMERUDI! Miaka miwili, milioni 54. Dada Nyar Dunga, chukua ushindi wako, Mets walinunua nyanya wakarudi.

Lakini tazameni mkataba ulivyosukwa. Mwaka wa kwanza milioni 30, wa pili 24, na baada ya wa kwanza ana ruhusa ya kujitoa arudi sokoni. Yaani akipiga vibaya, ana 24 mkononi. Akipiga vizuri, anaondoka. Mlango uko upande wake peke yake! Nimekisoma hicho kipengele mara tatu chini ya taa ya geti.

Mwalimu wa Hesabu (Kakamega), 6 Februari 2025

Na akijitoa, hawawezi kumwekea tena ile ofa yenye ada ya drafti, mchezaji huwekewa mara moja tu maishani. Atarudi sokoni mwepesi. Boras amecheza bao hapo, na kete bado anazo.

Bado nasema Vientos.

Soja wa Zamu (Nakuru), 20 Machi 2025

Hii haihusu besiboli sana. Jana niliitwa ofisini kwa ajili ya mkataba. Nikamwambia meneja nataka mwaka mzima, na baada ya miezi sita niwe na haki ya kuondoka kwa notisi ya wiki mbili bila kukatwa kitu. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza hayo mambo nimeyatoa wapi. Nikamwambia New York.

Nimepata mwaka mzima. Hiyo ya kuondoka amesema atauliza.

Nyar Dunga (Kisumu), 11 Desemba 2025

Soja, uko? Nimeona habari nikakukumbuka. Pole sana.

Kwa wasiojua: Dubu alicheza tena mechi zote 162, homurani 38, Agosti akampita Strawberry. Kisha akajitoa kama Mwalimu alivyosema, na jana Baltimore Orioles wamempa miaka mitano, milioni 155. Ukijumlisha na zile 30 ni milioni 185 kwa miaka sita, naye alikataa 158 kwa miaka saba. Nimewahi kurudi nyumbani na samaki jioni, nikawaweka kwenye barafu mpya, kesho yake nikauza ghali kuliko jana. Hutokea. Mara moja kwa mwaka, lakini hutokea.

Mwalimu wa Hesabu (Kakamega), 11 Desemba 2025

Nilisema atashuka, akapanda. Nakubali. Lakini milioni 155 hadi afike miaka 36, hapo Mets wamefanya busara kukaa kando. Mtaniambia 2029.

Soja wa Zamu (Nakuru), 12 Desemba 2025

Nipo. Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika nikiwa na hasira.

Katikati ya Juni tulikuwa na rekodi bora ligi nzima. Tukamaliza na ushindi 83 na vipigo 79, nje ya mchujo, siku ya mwisho kabisa, tukifungwa na Marlins. Sasa Dubu ameenda Baltimore, Nimmo wamembadilisha na Semien wa Texas, na Edwin Díaz, mrushaji wetu wa kumalizia mechi, yule aliyekuwa akiingia kwa wimbo wa tarumbeta, amekuja kwenu, dada, miaka mitatu kwa milioni 69. Mkae naye vizuri. Akiingia iningi ya tisa usinitumie ujumbe.

Kumlaumu Dubu siwezi. Mlango ulikuwa upande wake, akautumia, na alipokuwa ndani hakukosa hata siku moja. Waliomwachia ndio sijawaelewa. Nimesoma kwamba hawakutaka kufika miaka mitano kwa mtu wa 31, na karatasini ni sawa, hata mimi Januari nilisema mitatu. Januari sikuwa nimemwona akipiga 38.

Saa nane imefika na hakuna mechi hadi Machi. Mbwa analala, mimi naangalia geti. Mwalimu, ukiwa macho: beisi ya kwanza sasa atasimama nani? Usiniambie Vientos.