Tableti inaandika nafasi imejaa na picha nimeshafuta karibu zote, kinachokula ni nini?

Nuru_K

Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana hapa nimekwama. Nina tableti ya Android ya 32GB, tunaitumia mimi na wanangu, wao katuni na gemu na kuna programu moja ya masomo, mimi nasomea PDF zangu na kuongea na ndugu kwa video. Sasa hivi kila nikitaka kusasisha ile ya masomo inaniambia nafasi haitoshi, kamera nayo ukibonyeza inagoma, na yenyewe imekuwa nzito mpaka kibodi inachelewa kutokea. Nimekaa nimefuta mapicha kibao, nikarudi kwenye Mipangilio kuangalia, ile namba ya nafasi iliyobaki haijasogea hata kidogo utadhani sijafuta kitu. Halafu naona pameandikwa Mfumo na inakula GB nyingi kweli, hicho ni kirusi au? Kuna mtu kaniambia niirudishe kama ilivyotoka kiwandani itapona lakini naogopa, video za mama yangu enzi za uhai wake ziko humo humo na hazipo sehemu nyingine yoyote, hizo sitaki ziguswe kabisa. Nianzie wapi? Natanguliza shukrani.

fundi_kimya

Pole dada. Kwanza usirudishe kiwandani, hilo liache mwisho kabisa, maana ukibonyeza pale kila kitu ulichoweka kinaondoka na hizo video nazo zinaondoka.

Kuhusu picha ulizofuta, karibu naapa ziko kwenye tupio. Siku hizi ukifuta picha haitoki, inahamishwa tu kwenye tupio inakaa huko, na ikiwa huko bado inakula nafasi ile ile iliyokuwa inakula. Kwenye Google Photos picha ambayo haikupandishwa mtandaoni inakaa siku 30 ndo ifutike yenyewe, iliyopandishwa inakaa siku 60. Matunzio yaliyokuja na tableti nayo mara nyingi yana tupio lake, na ile programu ya kuonea mafaili inaweza kuwa na lake pia, kwa hiyo unaweza kuwa na matupio matatu kwenye kifaa kimoja na hujui. Nenda kila moja ukalimwage, ila KABLA hujamwaga pitia taratibu uone kama hakuna video ya mama imeingia humo bahati mbaya ulipokuwa unafuta kwa wingi. Ikiwepo ibonyeze uirudishe. Tupio likishamwagwa ndo basi tena.

Kijana_Makini

Pakua programu yoyote ya kusafisha, zipo nyingi tu, unabonyeza mara moja inafagia kila kitu na inaongeza spidi. Mi natumia mwaka sasa.

Zuhura_T

Hapana jamani, hilo la programu za kusafisha tusimshauri mwenzetu. Tableti imeshajaa halafu tunamwambia aongeze programu nyingine, tena nyingi ya hizo zinajaza matangazo na zinaomba ruhusa ya kugusa mafaili yote, na huyu ana video ambazo hazipo pengine popote. Kinachofagiwa pale ni akiba za programu ambazo Android yenyewe inakuonyesha bure kwenye Mipangilio, na hiyo spidi inayosemwa ni kuzima programu zilizokuwa zinafanya kazi nyuma ambazo baada ya muda mfupi zinajiwasha tena. Akitaka kitu cha kumsaidia kutafuta mafaili makubwa basi atumie Files ya Google ambayo kwenye tableti nyingi za Android imeshawekwa, ile inamuonyesha mafaili makubwa na yaliyojirudia halafu yeye mwenyewe ndo anachagua.

Dada Nuru mi nataka ufanye hivi. Fungua Mipangilio, ingia Hifadhi, halafu Programu, upange kwa ukubwa, kubwa iwe juu. Usiangalie jina la programu tu, ifungue uone imegawanyika vipi, kuna ukubwa wa programu yenyewe, kuna data, kuna akiba. Utashangaa programu yenyewe ni MB 80 halafu data yake ni GB kadhaa. Kwa nyumba yenye watoto nitaanza kushuku programu za katuni, maana zile zikiruhusiwa kupakua video za kuangalia bila intaneti zinapakua moja baada ya nyingine na huzioni kwenye picha wala kwenye mafaili, zimefichwa ndani ya programu yenyewe. Dawa yake ni kuingia humo humo kwenye programu sehemu ya vilivyopakuliwa na kufutia huko, halafu kwenye mipangilio yake zima upakuaji wa yenyewe kama upo, na ubora wa video uweke wa chini au wa kati. Kwenye skrini ya tableti mtoto wala hataona tofauti na faili linapungua sana.

Halafu hapa watu wengi wanaumia: kuna kitufe cha Futa akiba na kuna cha Futa data, viko karibu karibu. Akiba ni vitu vya muda ambavyo programu inajitunzia ili ifunguke haraka, ukifuta hakuna hasara, itavitengeneza tena, ndo maana nafuu yake huwa ni ya muda. Data ni akaunti, hatua mtoto alizofikia kwenye gemu, masomo yaliyopakuliwa, kila kitu. Ukibonyeza Futa data kwenye ile ya masomo inaanza upya kama imewekwa leo. Kwa hiyo bonyeza ukiwa umesoma.

fundi_kimya

Naunga mkono Zuhura hapo kwenye Futa data. Nimeletewa vifaa vingi watu wamebonyeza hicho wanalia.

Nuru_K

Asanteni sana, nimefanya. Tupio la matunzio lilikuwa limejaa pomoni, picha zangu zote nilizofuta ziko pale zimelala, nimepitia moja moja na nimekuta video fupi ya mama anapepeta mchele iko humo!! Nimeirudisha kabla sijamwaga. Dada Zuhura Mungu akubariki, na kaka fundi pia. Kwenye programu nako mlisema kweli, ile ya katuni yenyewe ni ndogo tu lakini data yake ilikuwa inapita 7GB, nimeingia ndani nikakuta msururu wa vipindi ambavyo watoto walishavimaliza zamani, nimefuta vyote nikawabakishia vichache wanavyopenda. Sasa hivi nina nafasi ya GB 9 na kitu, hata kibodi inatokea haraka.

Nimebaki na maswali, ule Mfumo bado unanisumbua kichwa, na je nikinunua memori kadi niweke programu zote huko? Na video za mama nifanyeje ziwe salama, kuna mtu kasema zikishapanda Google Photos naweza kuzifuta kwenye tableti, ni kweli?

mzee_wa_data

Binti yangu, nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari.

Zikishapanda ni kweli unaweza kuondoa zilizo kwenye tableti, lakini inategemea umeziondoaje. Kama umewasha bekapu (kupandisha nakala mtandaoni) halafu ukaingia Google Photos ukachagua video ukabonyeza alama ya pipa, unaifuta KOTE, kwenye tableti na kule mtandaoni na kwenye simu yako kama ina akaunti hiyo hiyo. Watu wengi wanadhani kule juu ni ghala la pembeni, ukweli ni kwamba unaangalia kitu kile kile kimoja. Ndani ya Google Photos kuna kitufe maalumu cha kuongeza nafasi kwenye kifaa, ukigusa picha ya akaunti yako utakiona, hicho kinaondoa nakala ya kwenye kifaa tu kwa vile ambavyo vimeshapanda. Tumia hicho. Jambo lingine, angalia ubora wa bekapu, kuna wa asili na kuna wa kubana. Ule wa kubana unazishusha video zenye ubora mkubwa mpaka 1080p. Kwa picha za skrini sawa, kwa video za mama weka ubora wa asili. Ila ujue akaunti ya bure ya Google ni 15GB na inagawanywa na barua pepe na Drive (hifadhi ya mafaili ya Google), na tangu Juni 2021 picha mpya zinazopanda zinahesabiwa humo hata zikiwa zimebanwa.

Kwa hiyo mimi kwa video za namna hiyo sitegemei mtandao peke yake. Chukua waya wa USB, chomeka tableti kwenye kompyuta, kwenye tableti chagua kuhamisha faili maana bila hivyo kompyuta itaichaji tu haitaona kitu. Folda ya kuangalia ni DCIM, humo ndani kuna Camera, na kama video nyingine zilikuja kwa WhatsApp angalia Android, halafu media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, WhatsApp Video. Usitumie kukata na kubandika, nakili. Waya ukicheza katikati ya kukata faili linaweza kuharibika, lakini ukinakili la asili linabaki lilipo. Ukimaliza fungua kila video kwenye kompyuta uicheze mpaka mwisho, usiridhike kwa kuona jina la faili na kapicha kake, faili lililokatika katikati linaonekana zima mpaka ulicheze. Kisha toa nakala nyingine kwenye fleshi au diski ya nje uiweke mbali na kompyuta hiyo. Baada ya hapo ndo uamue ufute kwenye tableti au uziache, mimi ningekuwa wewe ningeziacha, nafasi unayo sasa.

Mfumo siyo kirusi. Ni Android yenyewe na programu za kiwandani, na humo ndani hufuti kitu. Halafu 32GB ya kwenye boksi ni bilioni 32 za baiti, ukihesabu kwa 1024 kama kompyuta za Windows zinavyohesabu unapata 29.8 hivi kabla hata hujaweka kitu, na mfumo ukichukua sehemu yake unabaki na ishirini na kidogo tu, au pungufu. Hujaibiwa, ndivyo zilivyo.

Na uzito uliokuwa unauona ulitokana na kujaa. Memori ya humo ndani haiwezi kuandika juu ya kitu cha zamani moja kwa moja, lazima ifute kwanza, na inafuta kwa vipande vikubwa, kwa hiyo pakiwa hakuna pa kugeukia inahamisha hamisha vitu kila ukigusa. Jitahidi GB 3 mpaka 4 zibaki wazi muda wote.

fundi_kimya

La memori kadi nijibu mimi. Nunua, ila weka humo picha, video, PDF na vipindi vya kupakuliwa kama programu inaruhusu kuchagua kadi. Programu zenyewe ziache ndani. Tangu Android 6 kuna uwezo wa kuifanya kadi iwe kama memori ya ndani lakini watengenezaji wengine wameuondoa, na hata ukiwepo mi siupendi, kadi nyingi ni za polepole na programu zitakuwa zinajikokota, tena kadi ikifanywa hivyo inafungwa kwa msimbo wa siri wa kile kifaa, ukiichomoa haisomeki popote na tableti ikifa na vya kwenye kadi vimekwenda. Ikikuuliza chagua kadi ya kubebeka.

Na jihadhari na kadi feki. Imeandikwa 256GB kumbe ndani ni ndogo sana, inapokea mafaili bila kulalamika ila vilivyozidi havifunguki. Ukiipata ijaribu kwanza kwenye kompyuta kabla hujaweka kitu cha maana, kwa Windows kuna programu inaitwa H2testw, inaijaza kadi yote halafu inaisoma upya kuhakikisha. Inachukua muda mrefu lakini iache tu ifanye.

Amani88

Naomba nidandie uzi, mi natumia iPad na shida ni ile ile, kuna namna?

Zuhura_T

@Amani88 ipo, nenda Mipangilio, Jumla, halafu hifadhi ya iPad, subiri ipige hesabu. Ukigusa programu utaona kuna kuiondoa kwa muda (Offload App) na kuna kuifuta, ile ya kwanza inaondoa programu lakini inabakiza nyaraka na data zake, ukiiweka tena unaendelea ulipoishia. Picha zilizofutwa nazo zinakaa kwenye albamu ya zilizofutwa karibuni kwa siku 30, kaimwage. Na ukiwa umewasha picha za iCloud (hifadhi ya mtandaoni ya Apple) onyo la mzee hapo juu linakuhusu, ukifuta kwenye iPad umefuta kote.

Nuru_K

Nimenakili zote kwa waya, nimezicheza zote mpaka mwisho, moja tu iligoma katikati nikainakili upya ikakubali. Fleshi ntanunua. Ile ya masomo nayo imeshasasishwa, watoto wapo nayo hapa. Swali dogo la mwisho, WhatsApp yangu ya kwenye tableti magrupu yanashusha video hata nisizofungua, hapo nazuiaje?

mzee_wa_data

Fungua WhatsApp, Mipangilio, Hifadhi na data, pale kwenye kupakua kwenyewe ondoa tiki kwenye video, kwa data ya simu na kwa waifai pia, picha unaweza kuziacha. Hapo hapo kuna kudhibiti hifadhi, inakuonyesha mafaili yanayozidi MB 5 na yaliyosambazwa mara nyingi, na chini yake kila grupu limekula kiasi gani. Anza na yaliyosambazwa mara nyingi.