Mashindano ya ndoana Mtera: perege wanakula kwa muda wa saa moja kisha wanapotea

Kijana_wa_Ipogolo: Wakuu, klabu yetu ina mashindano ya muda wa saa nne bwawa la Mtera, upande wa Migoli. Uzito wa jumla ndio unaoshinda, samaki wanarudishwa hai. Perege wanakuja mwanzo, kisha kimya. Nirekebishe nini?

Boya_Jekundu: Unawashibisha, mkuu. Pumba ya mahindi unayowatupia ilowanishe kidogo kidogo, iache dakika 15 inywe maji, uilowanishe tena. Ikiwa kavu inapasukia juu na kukuitia vidagaa. Ikizidi maji inakuwa ugali chini. Anza na madonge matatu ya ukubwa wa limau, halafu kadonge kamoja kila baada ya samaki wawili watatu. Wakiacha kula, usiongeze chakula! Punguza, au sogeza boya.

Kijana_wa_Ipogolo: Kina napimaje?

Boya_Jekundu: Tundika chubwi (kizito cha kuzamisha) nzito kwenye ndoana. Boya likizama, lipandishe kwenye mshipi, likilala, lishushe. Chambo kiguse chini tu.

Mama_Ndoana: Naongezea: ndoana namba 14, mshipi wa mwisho (kipande kinachofungwa ndoana) unene milimita 0.16, kipande cha mnyoo kisichozidi sentimita 2. Mnyoo mzima perege anaunyonya mkia tu. Upepo ukianza kuburuta boya, chovya ncha ya fimbo majini, vuta kidogo, mshipi uzame. Wavu wa kuhifadhia uwe mrefu, samaki wasibanane. Na usiingie majini kuufunga, Mtera ina mamba.