Mkono wa mama una ganzi lakini usiku unawaka moto, naombeni ushauri

Mwana_Tandahimba
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Kabla ya msimu wa korosho mama alikatwa na bati kwenye kifundo cha mkono, upande wa ndani. Zahanati wakamshona, kidonda kikafunga vizuri. Sasa kidole gumba, cha shahada na cha kati hata ukimchoma sindano hasikii. Ila usiku anasema vinawaka moto, vinapiga shoti, halali. Dawa za kawaida za maumivu hazimsaidii. Ndugu wameanza kusema karogwa, maana mkono wenye ganzi unaumaje?

Muuguzi_Kusini
Pole sana mdogo wangu, na mama mpe pole. Hajarogwa. Vidole hivyo vinategemea neva (mshipa wa fahamu) moja inayopita katikati ya kifundo. Yaelekea bati liliifikia. Seli za neva za hisia hazikai mkononi. Zimo kwenye vinundu kando ya uti wa mgongo, usawa wa shingo, na zinatoa nyuzi ndefu mpaka ncha za vidole. Uzi ukikatwa, kipande cha upande wa vidole hufa (mtafiti Mwingereza, Waller, alilieleza hilo mwaka 1850), ganzi inatokea hapo. Seli yenyewe hubaki hai, inawasha jeni za kuotesha uzi upya. Na ncha iliyokatwa husisimka ovyo, inarusha ishara bila kuguswa, ubongo unadhani zimetoka vidoleni. Mama anasema kweli tupu.

Mzee_wa_Nyangao
Msikae nyumbani. Nendeni hospitali ya Ligula, Mtwara, mseme wazi kwamba huenda neva imekatika, aonwe na daktari wa upasuaji. Uzi huota kama milimita 1 kwa siku, tena ukipata njia. Ncha zikiachana, nyuzi hujisokota zikawa uvimbe unaouma. Muulizeni daktari kuhusu amitriptyline, dawa ya kutuliza maumivu ya neva. Na jamani, asibangue korosho! Mafuta ya ganda yataunguza vidole na hatajua.

Mwana_Tandahimba
Ahsanteni sana. Nikimgonga taratibu juu ya kovu, shoti inaruka hadi kwenye gumba. Ni mbaya?

Muuguzi_Kusini
Hapo ndipo nyuzi zilipofika. Zikiendelea kuota, sehemu ya kugonga itasogea kuelekea vidoleni mwezi hadi mwezi. Ikiganda kwenye kovu, pengine zimezibiwa njia. Mwonyesheni daktari hapo hapo unapogonga, na mwende wiki hii.