Eti liwali wa Sicilia "alifuata utaratibu"!

Ndugu wanajukwaa, naandika huku mikono ikinitetemeka. Mjuaji wetu mnamfahamu nyote, kwa hiyo sitamtaja. Nilikuwa nimeeleza kwa adabu jinsi Verres, liwali wa Kirumi, alivyokitafuna kisiwa cha Sicilia kuanzia mwaka 73 hadi 71 KK, akipora nafaka za wakulima na sanamu za mahekalu, hata nikamfikia Gavius, raia wa Roma aliyechapwa hadharani mjini Messana huku akipaza sauti kwamba yeye ni raia, kisha akasulubiwa mahali ambapo angeiona Italia ng'ambo ya mlango wa bahari. Bwana yule akanijibu kwa maneno matatu: "Liwali alifuata utaratibu."

Utaratibu! Mtu anasulubiwa akiitazama Italia, nawe unaniletea utaratibu? Nimelisoma jibu hilo mara elfu moja, hata mke wangu ameniuliza ni nani aliyefariki. Mahakama ya kuwashtaki maliwali wanyang'anyi ilikuwapo tangu mwaka 149 KK, na Cicero, wakili na mwanasiasa wa Roma, alipomfikisha Verres huko mwaka 70 KK, bingwa huyo wa utaratibu alikimbilia Massilia (Marseille ya leo) kabla kesi haijaisha. Utaratibu, jamani!

#2: Pole sana, lakini shahidi wako ni mwendesha mashtaka mwenyewe, Cicero, na hotuba yenye habari za Gavius haikutamkwa kamwe mahakamani, kwa kuwa mshtakiwa alikuwa amekwisha kutoroka. Mwambie shemeji akuongezee chai.

#3: Mnamlilia Gavius mmoja! Kule Salamis, mji wa kisiwa cha Kipro, wakala wa Brutus, yule mwanasiasa wa Roma, aliyedai deni kwa riba ya asilimia 48, aliwafungia wazee wa baraza ukumbini kwa kutumia wapanda farasi aliopewa na liwali wa Kilikia, jimbo la Kirumi lililojumuisha Kipro wakati huo, hadi watano wakafa kwa njaa. Hao nani awalilie?

#4: Na Cicero wenu, alipoushika uliwali huohuo wa Kilikia mwaka 51 KK, aliwaondoa wapanda farasi, ila deni akaliacha bila kuliamua.

#5: Mimi namlalamikia Kaisari Trajanus. Plinius Mdogo, akiwa liwali wa Bithinia, jimbo la Kirumi katika Uturuki ya leo, aliomba kuunda kikosi cha zimamoto cha watu 150 tu baada ya mji wa Nicomedia kuungua, na Trajanus akamnyima.

#6: Alimnyima kwa haki, maana vikundi vya namna hiyo vilikuwa vimekwisha kuivuruga miji ya kule kwa siasa. Aliagiza vinunuliwe vifaa, wenye nyumba wazime moto wenyewe.

#5: Nyumba yako ikiungua tutakukumbusha.

#3: Habari ya Salamis bado hamjanijibu.